Kufanya RAM ikimbie kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi bila kuyumba: mwongozo kamili

Mtu anaponunua RAM ya DDR4 (kizazi cha nne cha RAM za DDR; DDR5 ni cha tano) iliyoandikwa 3200 katika mojawapo ya maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, akarudi nayo nyumbani Umoja au Rongai, akaichomeka na kuiwasha kompyuta, mara nyingi huitumia kwa kasi ya 2133, 2400 au 2666 kwa miezi bila kujua. Hajapunjwa. Kila kijiti cha RAM hubeba chipu ndogo yenye maelezo yake, na ndani ya maelezo hayo mna kasi za aina mbili: ile ya kawaida, inayofuata viwango vya JEDEC, ambayo ni taasisi inayoweka viwango vya kumbukumbu za kompyuta, na ile ya juu zaidi ambayo mtengenezaji ameijaribu mwenyewe na kuihifadhi kama profaili. Kompyuta ikiwashwa kwa mara ya kwanza huchagua ya kawaida. Ile ya juu hubaki imelala mpaka mwenye kompyuta aingie kwenye BIOS, yaani programu ya ubao mama inayotangulia Windows, na kuiamsha.

Kuiamsha ni kazi ya dakika moja. Kuhakikisha kwamba kompyuta inaimudu ni kazi ya siku mbili tatu, na hapo ndipo wengi wetu huteleza, kwa sababu tukiona skrini imewaka na Windows imefunguka tunahesabu kwamba mambo yamekwisha. RAM yenye hitilafu ndogo inaweza kuwaka kila asubuhi kwa mwaka mzima huku ikigeuza biti moja leo na nyingine wiki ijayo, na biti hizo zikaishia ndani ya picha, hesabu za duka au faili za Windows yenyewe.

Niliwahi kuletewa mashine ya kijana mmoja wa Ngara anayehariri video za harusi. "Fundi, yenyewe inawaka sawa kabisa," aliniambia, "ila kazi kubwa ikifika asilimia themanini programu inajifunga." Alikuwa ameshabadilisha kadi ya michoro, ameweka Windows upya mara mbili, na alikuwa anajiandaa kununua diski nyingine. Nilichukua faili moja ya ZIP ya gigabaiti 12 na kuifungua mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza ilifunguka, mara ya pili ikalalamika kwamba faili moja ya ndani imeharibika, mara ya tatu ikalalamika kuhusu faili tofauti. Diski mbovu kwa kawaida hukwama mahali palepale. Kosa linapohama namna hiyo, wa kwanza kushukiwa ni RAM. Ya kwake ilikuwa imewekwa 3600 na mtu aliyeridhika kuona imewaka.

Nambari ya kwenye boksi ni ahadi ya nani

Kasi ya RAM hutegemea wahusika watatu, na boksi husema habari za mmoja tu. Wa kwanza ni kijiti chenyewe. Wa pili ni ubao mama, yaani jinsi nyaya zake nyembamba zilivyochorwa kutoka kwenye prosesa hadi kwenye sloti, na jinsi BIOS yake ilivyoandikwa. Wa tatu, ambaye husahaulika zaidi, ni kidhibiti cha kumbukumbu kilicho ndani ya prosesa. Vidhibiti hivi havilingani hata kwa prosesa mbili za jina moja zilizotoka kiwandani wiki moja.

Kila prosesa ina kasi ambayo kampuni yake imeidhinisha. Kwa Ryzen nyingi za mezani za AMD za familia ya 3000 na 5000 ni DDR4-3200. Kwa Ryzen 7000 ni DDR5-5200 ukitumia vijiti viwili, na hushuka hadi 3600 ukijaza sloti zote nne. Core za Intel za kizazi cha 12 ziliidhinishwa kwa DDR4-3200 au DDR5-4800, kutegemea ubao. Chochote kilicho juu ya hapo, hata kama kimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, kampuni ya prosesa hukihesabu kuwa ni kuisukuma zaidi ya kiwango. Kwa hiyo RAM ya 6000 inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikashindwa kufika 6000 ndani ya kompyuta yako, pasiwe na mtu wa kulaumiwa.

Profaili zenyewe zina majina yanayowachanganya watu bure. XMP ni ya Intel na ilianza mwaka 2007, enzi za DDR3. EXPO ni ya AMD na ilikuja mwaka 2022 pamoja na Ryzen 7000. Kwenye ubao wa Asus wa prosesa za AMD unaweza kukuta neno DOCP, na kwenye wa MSI ukakuta A-XMP. Kazi ni ileile: kuusomesha ubao kasi, taimingi (mapigo ya saa ambayo RAM husubiri kati ya hatua moja na nyingine) na volti zilizohifadhiwa kwenye kijiti.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, hakikisha mashine yako inaruhusu jambo hili. Kompyuta za ofisi zilizotumika, zile zinazoletwa kwa makontena na kuuzwa katikati ya jiji kwa bei nafuu, kwa kawaida hazina XMP kwenye BIOS zake. Prosesa kama i5-8500 imeidhinishwa kwa 2666, na ukiichomekea RAM ya 3200 itakimbia kwa 2666 na kukaa kimya. Laptopu nyingi ni vivyo hivyo. Hata kwa mashine ya kujijengea, ubao wenye chipseti ya H610 hauruhusu kupandisha RAM zaidi ya kiwango cha prosesa, ilhali wa B660 unaruhusu. Mwenye mashine za namna hiyo atumie pesa zake kuongeza ukubwa wa RAM, au kununua kijiti cha pili ili chaneli zote mbili, yaani njia mbili za data kati ya RAM na prosesa, zifanye kazi. Atapata faida kubwa kuliko ya kasi, na hatahitaji sehemu iliyobaki ya mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: jua ulicho nacho

Kwenye Windows, fungua Task Manager, nenda sehemu ya Performance, kisha Memory, nawe utaona kasi ya sasa na idadi ya sloti zilizotumika. Kwa maelezo zaidi tumia programu ya CPU-Z, na kwenye Linux tumia amri ya dmidecode. Jihadhari na jambo moja: DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo la saa yake, kwa hiyo CPU-Z ikikuonyesha 1600 kwa RAM ya 3200 haina maana kwamba umepewa nusu. Nimeshaona mtu akirudisha RAM nzima dukani kwa sababu hiyo, na muuzaji, ambaye naye hakujua, akambadilishia.

Andika namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha kila kijiti, kisha ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao wako na uitafute katika orodha ya RAM alizozijaribu. Kutokuwemo si kosa, maana orodha hizo hazimalizi kila kitu kilichoko sokoni, lakini kuwemo hukupunguzia mashaka mengi.

Hapa kwetu kuna tatizo linalostahili aya yake. Maduka mengi huuza vijiti kimoja kimoja, na mteja hununua cha kwanza mwezi huu na cha pili mwezi ujao akipata pesa. Profaili ya XMP ya kifurushi cha viwili ilijaribiwa kwa viwili hivyo vikiwa pamoja. Vijiti viwili vilivyonunuliwa kwa nyakati tofauti, hata vikiwa na jina moja na rangi moja, vinaweza kuwa na chipu kutoka viwanda tofauti ndani ya mabati yake, kwa kuwa watengenezaji hubadilisha chipu bila kubadilisha jina la bidhaa. Vinaweza kupatana, lakini hakuna aliyekuahidi. Ukiweza kusubiri, subiri ununue viwili vikiwa katika boksi moja.

Hatua ya pili: mikono kabla ya BIOS

Zima kompyuta, chomoa waya wa stima ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, na ushike chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Kwenye ubao wenye sloti nne na vijiti viwili, tumia sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, zile ambazo kwa kawaida huandikwa A2 na B2. Mbao nyingi za siku hizi zimechorwa ili nyaya ziishie kwenye sloti hizo. Ukitumia A1 na B1, kipande cha waya kinachobaki wazi mbele ya kijiti hurudisha mwangwi wa umeme unaochafua mawimbi, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo uchafu huo unavyoonekana.

Kijiti kinapoingia lazima usikie mlio. Kwenye mbao zenye lachi (kibanio cha kushika kijiti) upande mmoja tu, upande usio na lachi ndio unaodanganya: huonekana umeingia ilhali umebaki juu kwa milimita moja. Inama, utazame kwa tochi ya simu ukiwa usawa wa ubao, uone kama mstari wa shaba unaobaki juu ya sloti uko sambamba toka mwanzo hadi mwisho. Mashine ya yule kijana wa Ngara ilikuwa na kasoro hiyo pia, na vumbi jekundu lilikuwa limejaa ndani ya sloti.

Kuhusu kusafisha, kuna desturi ya kusugua miguu ya kijiti kwa raba ya mwanafunzi. Husaidia, ndiyo maana haijafa, lakini humomonyoa tabaka la dhahabu ambalo ni jembamba sana na huacha makombo. Kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi hufanya kazi hiyohiyo bila madhara. Ukimaliza, angalia pia skrubu za kipozaji cha prosesa. Zikikazwa upande mmoja zaidi ya mwingine, prosesa hubanwa kombo na baadhi ya miguu yake haigusi sawasawa. Kijiti kimoja kutoonekana kabisa, au chaneli nzima kupotea, mara nyingine huanzia hapo.

Hatua ya tatu: BIOS mpya, na stima ya kuaminika

Matoleo mapya ya BIOS hubadilisha namna ubao unavyoielewa RAM, hasa kwa Ryzen na kwa kila kitu cha DDR5. Mashine iliyokataa 6000 kwa BIOS ya kwanza huweza kuikubali kwa BIOS ya mwaka uliofuata bila kubadilishwa chochote kingine. Pakua toleo la modeli yako kamili, pamoja na herufi ya mwisho na namba ya marekebisho ya ubao, uliweke kwenye flashi, kisha utumie chombo kilichomo ndani ya BIOS yenyewe.

Usifanye kazi hii kwa stima tupu. Dakika tatu au tano za kuandika BIOS ndizo dakika ambazo umeme ukikatika unaweza kubaki na ubao usiowaka tena, isipokuwa una kitufe cha kurejesha BIOS kwa flashi. Azima UPS kwa jirani kama huna. Na kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, ambayo husimba data ya diski, hifadhi ufunguo wake wa dharura mahali pengine kwanza, kwa sababu baada ya BIOS kubadilika huenda mashine ikaudai.

Hatua ya nne: jaribu kwanza bila profaili

Watu wengi huiruka hatua hii, kisha hulipia kuiruka kwao kwa wiki nzima ya kubahatisha. Acha RAM katika kasi yake ya kawaida, weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo, na uiache imalize angalau mzunguko mmoja kamili, ambao kwa gigabaiti 16 unaweza kuchukua saa moja au zaidi. Huenda ukalazimika kuzima kwa muda Secure Boot, kinga ya BIOS inayozuia programu isiyotambulika kuwasha kompyuta.

Ikiwa makosa yatatokea hapa, hakuna mpangilio wowote wa BIOS wa kutafuta. Jaribu kijiti kimoja kimoja katika sloti ileile. Kosa likifuata kijiti, kijiti ni kibovu, na utakirudisha ukiwa na picha ya skrini mkononi. Likibaki na sloti, tatizo ni ubao au prosesa. Ikiwa hakuna kosa, umepata mahali pa kusimama: chochote kitakachoharibika baada ya hapo kimeletwa na kasi, na kasi unaweza kuirekebisha.

Hatua ya tano: amsha profaili, kisha uwe na subira

Ingia BIOS, chagua XMP au EXPO, na kabla ya kuhifadhi linganisha kwa macho yako mambo matatu na kibandiko cha kijiti: kasi, taimingi kuu nne na volti. DDR4 ya kawaida hutumia volti 1.2 na profaili nyingi huipandisha hadi 1.35. DDR5 huanza na 1.1 na hupanda hadi 1.25, 1.35 au 1.4 kutegemea kifurushi.

Kwa Ryzen za DDR4 angalia pia FCLK, ambayo ni kasi ya njia inayounganisha sehemu za ndani za prosesa. Inapaswa kuwa nusu ya kasi ya RAM: 1600 kwa RAM ya 3200, na 1800 kwa ya 3600. Juu ya 1800 prosesa nyingi huanza kunung'unika, na manung'uniko hayo hayaonekani kwenye Memtest. Huandikwa katika Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kwa jina la WHEA, yaani makosa ya vifaa. Kwa Ryzen 7000 hesabu ni tofauti, na mtu aliye na RAM ya 6000 anaweza kuiacha FCLK ijipange yenyewe.

Hifadhi na uwashe upya. Skrini ikibaki nyeusi, usiguse kitu. Ubao unaipima RAM, ukijaribu nyakati na volti za kila waya hadi upate zinazofaa, na kwa DDR5 kwenye mbao za AMD kipimo cha kwanza kinaweza kuchukua dakika kadhaa. Nenda ukapike chai. Mtu anayezima kwa nguvu baada ya sekunde thelathini hulazimisha kipimo kianze upya, huzima tena, na jioni hunipigia simu kusema ubao umekufa. Ubao ukishindwa kweli, kwa kawaida utajaribu mara chache na kurudi wenyewe kwenye kasi ya kawaida. Usiporudi, futa mipangilio ya BIOS kwa jampa ya CMOS (pini mbili za ubao zinazounganishwa kwa muda), au toa betri ya CR2032 kwa dakika chache waya wa stima ukiwa umechomolewa.

Hatua ya sita: majaribio yenyewe

Sababu ya kuanza na Memtest86+ kabla ya kuingia Windows ni kwamba RAM inayokosea huandika makosa yake kwenye diski. Ukifungua Windows kwa RAM isiyotulia, kila sasisho linalojiweka na kila faili inayohifadhiwa iko hatarini. Kwa hiyo iache Memtest86+ izunguke usiku mzima, mizunguko minne au zaidi, na uhesabu kosa moja kuwa ni kushindwa. Mtu akikuambia kwamba kosa moja katika saa nane ni la kawaida, mwulize ni tarakimu ipi katika hesabu zake za benki angependa igeuke.

Memtest ikipita bado hujamaliza, kwani haimtoi prosesa jasho, na kasha hubaki baridi. Ndani ya Windows endesha TestMem5, kipimo kingine cha RAM, kwa saa kadhaa, kisha y-cruncher au Prime95 kwa mpangilio wa Large FFTs, ambazo hukokotoa hesabu nzito zenye majibu yanayojulikana na husimama jibu likipinda. Kwenye Linux, stressapptest, iliyotengenezwa na Google, ni nzuri sana. Baada ya hapo ongeza joto: endesha jaribio la RAM huku kadi ya michoro nayo ikifanya kazi, kwa sababu katika makasha mengi hewa moto ya kadi hiyo hupanda moja kwa moja juu ya vijiti.

Joto lina sababu yake ya kisayansi. Kila biti ya DRAM ni chaji ndogo sana inayovuja, na lazima ijazwe upya mara nyingi kila sekunde. Kadiri joto linavyozidi ndivyo chaji inavyovuja haraka, hata viwango vya JEDEC vikataka ujazaji uongezwe maradufu chipu ikipita nyuzi 85. Kijiti kilichobanwa taimingi zake kinaweza kukosea mapema zaidi ya hapo. Vijiti vya DDR5 huonyesha joto lake kwenye programu ya HWiNFO. Binafsi napenda visipite 55 katika jaribio zito. Nairobi ina hali ya hewa inayotupendelea, lakini tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ya Mombasa kwa kasi ileile ya feni. Mashine iliyofungiwa ndani ya kabati la televisheni haina hali ya hewa ya Nairobi hata kidogo.

Wakati kosa linapotokea hukupa fununu. Likija dakika za kwanza, kasi au taimingi zimezidi uwezo. Likija baada ya saa moja, wakati kila kitu kimepata moto, anza na feni. Na usisahau jaribio la mwisho, ambalo halihitaji programu: zima kabisa, chomoa, acha usiku kucha, kisha washa asubuhi. Fanya hivyo siku tatu. Mashine nyingine hupita saa kumi za majaribio na kushindwa kuwaka ikiwa baridi, kwa kuwa kipimo cha asubuhi kilitoka tofauti kidogo na cha jana.

Neno moja kwa wenye DDR5: chipu zake zina uwezo wa ndani wa kusahihisha kosa la biti moja, na watu hudhani basi hawana haja ya kujaribu. Usahihishaji huo hauhusu safari ya data kati ya kijiti na prosesa, ambako ndiko kasi ya juu huharibu zaidi.

Inaposhindwa

Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo kwenye daftari. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hatajua kilichomponya, na tatizo likirudi mwezi wa tano ataanza upya.

Mimi huanza kwa kushusha kasi hatua moja na kuacha taimingi zilezile: 3600 kwenda 3466, au 6000 kwenda 5800. Wengine huanza kwa kuongeza volti. Naona heri kushusha, kwa sababu hatua moja ya kasi hakuna anayeihisi kazini, na jibu lake hukuambia kama uko karibu au mbali. RAM ikitulia kwa 3466, uko karibu, na volti kidogo huenda ikakurudisha 3600. Isipotulia hata kwa 3200, volti haitakuokoa.

Ukiamua kuongeza volti ya RAM, ongeza kwa 0.01 au 0.02, na kwa DDR4 usipite 1.40 bila kujua chipu zako ni za aina gani. Upande wa kidhibiti, Ryzen za DDR4 hupenda volti ya SOC (inayolisha sehemu ya prosesa yenye kidhibiti hicho) iliyo kati ya 1.0 na 1.1, na zaidi si bora, kwani mara nyingine kuishusha ndiko kunakoleta utulivu. Kwa Ryzen 7000 uko mpaka usiovukwa: mwaka 2023, baada ya baadhi ya prosesa za X3D (Ryzen zenye kashe ya ziada) kuungua, AMD iliwaelekeza watengenezaji wa mbao waifungie SOC chini ya kiwango cha juu cha 1.30. Ikiwa BIOS yako ni ya kabla ya hapo, rudi hatua ya tatu leo. Kwa Intel za kizazi cha 12 zisizo na herufi K, kama i5-12400, volti ya SA, ambayo kwa Intel ndiyo hulisha kidhibiti, imefungwa na huwezi kuibadilisha, ndiyo sababu DDR4-3600 katika Gear 1, yaani kidhibiti kikienda mwendo mmoja na RAM, huwashinda wengi wenye prosesa hizo ilhali 3200 inapita bila shida. Gear 2 itaipokea 3600, lakini kidhibiti hukimbia kwa nusu ya mwendo, na ucheleweshaji unaoongezeka humeza faida.

Kisha kuna taimingi. Pandisha Command Rate (mapigo ya kusubiri kabla ya amri) kutoka 1T hadi 2T, legeza tRCD (muda wa kufungua safu ya data) kwa moja au mbili, na uiongeze tRFC (muda wa kujaza chaji upya), hasa kama vijiti ni vya gigabaiti 16 au 32. Hesabu ya kujua unapoteza nini ni rahisi: zidisha CL, taimingi ya kwanza kwenye kibandiko, kwa 2,000, gawanya kwa kasi, nawe utapata nanosekunde. RAM ya 3200 yenye CL16 ni nanosekunde 10, na ya 6000 yenye CL30 ni 10 vilevile. Ukiishusha hiyo ya 6000 hadi 5600 kwa CL30, unafika 10.7, tofauti ambayo mhariri wa video za harusi hataiona kamwe. Anayeathirika zaidi ni mwenye prosesa yenye michoro ya ndani, kama Ryzen 5 5600G, kwa kuwa michoro hiyo hula kutoka RAM ileile, na kwa kila kijiti 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde dhidi ya 17 za 2133. Huyo ana sababu ya kupigania kila hatua.

Vijiti vinne ni mzigo wa peke yake. Ukiwa na vinne vya DDR5 na ubao unakataa 6000, usiendelee kuuongezea volti. Kubali 5200 au chini ya hapo, au uviuze na kununua viwili vikubwa.

Baada ya RAM kutulia, safisha yaliyoharibika ilipokuwa ikiyumba. Endesha amri za DISM na kisha sfc /scannow, ambazo hurekebisha faili za Windows, kagua diski, na upakue upya programu zilizowekwa katika kipindi hicho. Faili zako mwenyewe hakuna amri ya kuziponya, hivyo linganisha na nakala za zamani ulizohifadhi kwingine. Na kama makosa yanatokea tu siku ambazo stima imekatika na kurudi, usiishtaki RAM. Diski iliyokatwa katikati ya kuandika huacha majeraha yanayofanana sana na hayo, na dawa yake ni UPS.

Mashine ya Ngara niliisafisha, nikavikalisha vijiti, nikaijaribu kwa 3600 ikashindwa baada ya dakika arobaini, nikaishusha hadi 3466 ikapita usiku mbili. Niliandika kasi, taimingi, volti, toleo la BIOS na tarehe kwenye karatasi, nikaibandika kwa ndani ya mlango wa kasha. Betri ya CR2032 itakapochoka na saa ya kompyuta kuanza kurudi nyuma, mipangilio yote itafutika na RAM itarudi kimyakimya kwenye 2133, na atakayefungua mlango huo, awe mimi au fundi mwingine, atakuta pa kuanzia.